Mizani ya Pamba na Simu ya Mkononi

Kila kizazi kina chombo chake cha kuzungumziwa. Wazee wa Usukuma walizungumza habari za baiskeli na cherehani, vitu vilivyoletwa nyumbani na fedha ya pamba. Baadaye yakaja mazungumzo ya redio ya betri. Leo, mtu akikaa kitambo kidogo sokoni Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu, atasikia maneno ya simu. Huyu asema kitochi ndicho chombo cha mtu mwenye busara, maana chaji yake hukaa siku nyingi, kikianguka hakivunjiki, na usiku humulika njia ya zizini. Yule acheka, asema kitochi ni cha wazee, na kwamba mtu asiye na simu ya kupangusa hajui dunia imefika wapi. Wa tatu anung'unika kwamba simu imewaharibu vijana. Wa nne, naye ni mama wa Kanisa, auliza kama ni halali kusoma Biblia katika kioo kile kile kinachoonyesha mambo ya upuuzi.

Twaweza kuyadharau maneno haya na kusema ni soga za sokoni. Lakini Mkristu hana mazungumzo yasiyo na hesabu mbele ya Mungu. Bwana wetu alitufundisha kwamba hata neno lisilo na maana tutaulizwa siku ya hukumu. Tena, katika maoni hayo madogo madogo juu ya vyombo, mara nyingi yamefichwa mambo makubwa: kiburi, wivu, deni, amani ya ndoa, na heshima ya jirani. Basi yafaa tuyatazame kwa macho ya imani.

Kwanza, tuseme wazi kwamba kupenda chombo hiki kuliko kile si dhambi. Mkulima anayeishi mbali na umeme, anayepeleka simu yake kibandani kuichaji kwa malipo, ana haki ya kukisifu kitochi. Mama ambaye mwanawe anasoma mbali, naye hutazama sura yake jioni katika simu janja, ana haki ya kumshukuru Mungu kwa chombo hicho. Hao wawili hawana sababu ya kugombana. Kila mmoja amepima shida yake, akachagua chombo kinachomfaa.

Ubaya huanza pale chombo kinapokuwa kipimo cha mtu. Wako vijana wanaoficha simu zao mfukoni kwa aibu kwa kuwa ni za bei ndogo. Wako na watu wazima wanaomsikiliza mwenye simu kubwa katika kikao cha jumuiya, na kumkatiza mwenye simu ndogo. Mtume Yakobo aliwakemea Wakristu wa kwanza waliompa tajiri mwenye pete ya dhahabu nafasi nzuri katika mkutano, wakamwacha maskini asimame pembeni. Leo pete ile imegeuka kuwa simu iliyowekwa mezani ili wote waione, lakini dhambi ni ile ile.

Nchi ya Wasukuma inajua vema habari ya mashindano. Tangu zamani kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, na kila upande una wafuasi wasiokubali kushindwa. Padre David Clement, mmisionari aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma huko Bujora karibu na Mwanza, hakuwaambia watu waache kushindana. Aliyaingiza mashindano yale katika sherehe ya Bulabo, neno lenye maana ya maua, wakati wa sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Ngoma zilizokuwa za kutambiana zikapata nafasi mbele ya Bwana. Ndivyo Kanisa linavyofanya na mambo ya watu: hulitafutia jambo jema mahali pake.

Na ndivyo lilivyofanya na vyombo vya habari tangu mwanzo. Tarehe 12 Februari 1931 Baba Mtakatifu Pius XI alifungua Redio Vatikani, iliyojengwa na Marconi mwenyewe, mtu aliyekuwa mstari wa mbele katika kutuma habari bila waya. Mwaka 1957 Pius XII aliandika barua kwa Kanisa lote juu ya sinema, redio na televisheni. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari, ukavihesabu kuwa miongoni mwa mambo ya ajabu ambayo akili ya binadamu, kwa msaada wa Mungu, imeyapata. Lakini hati hiyo hiyo haikuishia katika kusifu. Iliwawekea wasomaji, watazamaji na wasikilizaji wajibu wa kuchagua yaliyo mema na kuyakataa yanayodhuru roho. Na tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu kijana Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15. Huyu alijua kutengeneza kurasa za intaneti, akatumia ujuzi huo kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema kwamba Kanisa linaogopa vyombo. Kanisa linaogopa jambo moja tu, nalo ni kupotea kwa roho za watu.

Sasa tuulize: Mkristu apimeje chombo kipya? Jibu liko karibu nasi, katika historia ya pamba.

Wazee wanakumbuka, na vitabu vya historia vinaeleza, kwamba kabla ya vyama vya ushirika kupata nguvu katika Jimbo la Ziwa, mizani ya kununulia pamba ilikuwa mikononi mwa mnunuzi peke yake. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo wake hadi kwa mnunuzi. Kisha akasimama kando, akaambiwa uzito ambao hakuwa na njia ya kuuhakikisha. Wengi walilalamika kwamba wanapunjwa. Je, wakulima wale walifanya nini? Hawakuivunja mizani, wala hawakurudi kuuza pamba kwa kukisia kwa macho. Walichagua wapimaji wao wenyewe, watu waaminifu wanaojua kusoma namba, wasimame kando ya mizani na kuangalia. Kutoka jitihada za namna hiyo kikazaliwa chama cha wakulima mwaka 1952 chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika.

Wasomaji wapenzi, hilo ni fundisho kubwa. Wale wakulima walielewa kwamba mizani haina dhambi wala haki. Haki imo ndani ya mtu anayeishika, na ndani ya mtu anayesimama kando yake akiwa macho. Kitabu cha Mithali kinahesabu mizani ya hila miongoni mwa machukizo mbele ya Mungu. Hakisemi kwamba mizani yote ni chukizo. Basi juu ya simu, na juu ya kila programu iliyomo ndani yake, tuulize maswali yale yale matatu: Chombo hiki chapima nini? Nani ameishika mizani? Na nani amesimama kando kwa ajili yangu?

Tuanze na swali la yule mama wa Kanisa: Biblia katika simu. Neno la Mungu si wino wala karatasi, na halipungui nguvu kwa kuandikwa juu ya kioo. Bwana wetu alipoingia sinagogi la Nazareti hakupewa kitabu chenye kurasa kama vyetu. Alipewa gombo la kukunjua. Wakristu wa karne za kwanza walisoma katika ngozi na mafunjo. Leo mfanyakazi aliye safarini anaweza kusoma somo la siku katika simu yake, na mzee mwenye macho hafifu anaweza kuyakuza maandishi kadiri apendavyo. Hayo ni mema, na tumshukuru Mungu.

Hata hivyo kitabu kina fadhila zake. Hakiishiwi chaji wala kifurushi. Hakileti ujumbe wa bahati nasibu katikati ya Zaburi. Mtoto akimwona baba yake ameshika kitabu kile, anajua baba anasali. Akimwona ameshika simu, hajui kama baba anasali au anatazama mpira. Tena katika Misa Takatifu, kitabu cha masomo ni alama: hubebwa kwa heshima, na Injili hubusiwa. Si sawa msomaji apande mimbarini na simu ambayo dakika tano zilizopita ilikuwa ikipokea salamu na matangazo. Basi, nyumbani na njiani, simu yaweza kusaidia. Kanisani, kitabu kikae mahali pake. Na familia iliyo na simu tatu lakini haina Biblia hata moja ya karatasi, ijiulize sababu.

Sakramenti nazo hazina njia ya mkato. Mwaka 2002 ofisi ya Vatikano ya mawasiliano ya jamii ilieleza bila kificho kwamba hakuna sakramenti katika intaneti. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Wakatoliki wa nchi nyingi walifungiwa makanisa, wakafuata Misa katika televisheni na simu, na wengi walilia kwa njaa ya Ekaristi. Sisi wa Tanzania Serikali haikufunga makanisa yetu. Itakuwa ajabu kama wale waliofungiwa walitamani kutoka nje, na sisi tulioachiwa milango wazi tukajifungia wenyewe, tukisema Misa ya kwenye simu inatosha. Kwa mgonjwa aliye kitandani ni faraja. Kwa mzima wa miguu ni uvivu.

Tuje sasa kwenye jambo linaloumiza nyumba nyingi kuliko yote tuliyosema, nalo ni mikopo ya simu.

Mambo huenda hivi. Mtu ana shida ya haraka, labda ada ya mtoto, dawa, au mbegu kabla ya mvua. Aona tangazo katika simu kwamba atapata fedha kwa dakika chache, bila dhamana wala mdhamini. Apakua programu. Programu yaomba ruhusa ya kuona majina na namba zote alizohifadhi. Naye, kwa haraka na kwa kutoelewa, akubali. Apewa fedha pungufu kuliko alizoomba, kwa sababu gharama zimekatwa mwanzoni, na muda wa kulipa ni siku chache tu. Mkulima hapati fedha kila wiki. Yeye huvuna kwa msimu. Siku zinapita, riba inaongezeka. Akopa programu ya pili ili ailipe ya kwanza. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Na watu wa siku hizi wameipa mikopo ya namna hii jina lake wenyewe, kausha damu.

Kisha yaja jambo baya zaidi. Mdai afungua orodha ya majina yale aliyoruhusiwa kuyaona, na kupeleka ujumbe kwa watu: kwa mkwe, kwa mwalimu wa watoto, kwa mwenyekiti wa jumuiya, kwa katekista, akimwita mdaiwa mwizi na tapeli. Mtu aliyekosa shilingi elfu chache apoteza jina lake lote kwa asubuhi moja. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, ikawaonya wananchi. Serikali imefanya sehemu yake. Lakini orodha hiyo haiwezi kusimama kando ya kila simu nyumbani, na jina likifutwa leo, jingine laweza kuzuka kesho.

Katika jambo hili wapo watu watatu wenye wajibu mbele ya Mungu.

Wa kwanza ni mkopeshaji. Kumnyonya maskini kwa kutumia shida yake ni dhambi inayolaaniwa na Maandiko tangu Agano la Kale. Sheria ya Musa ilimkataza mkopeshaji hata kulala na vazi la maskini lililowekwa rehani, ikaagiza arudishiwe kabla ya jua kutua, maana ndilo la kujifunikia usiku. Jina la mtu ni vazi lake pia. Anayechukua jina la mwenzake rehani, akalichana mbele ya majirani kwa sababu ya deni, amefanya lililo baya kuliko kuchukua vazi. Na Mkristu yeyote anayepata mshahara kwa kuandika jumbe za kufedhehesha namna hiyo, ajue kwamba kusema ni kazi tu hakumwondolei dhambi.

Wa pili ni mkopaji. Shida ni shida, na hatumlaumu mtu aliyekopa ili mtoto apone. Lakini tuseme kweli: si kila mkopo ni wa dawa. Upo mkopo wa kubashiri mpira. Upo mkopo wa kununua simu kubwa kwa sababu jirani anayo. Na simu nyingine huuzwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, nayo hujifunga siku ile malipo yakikosekana, ikabaki kuwa kioo cheusi kisichofaa hata kumulikia. Na upo mkopo uchukuliwao kwa siri, mke asijue, au mume asijue. Huo ni ufa katika ndoa. Mume na mke walioahidiana uaminifu mbele ya altare hawawezi kuwa mwili mmoja na kuwa na madeni mawili yasiyojuana. Kabla ya kubonyeza neno kubali, mwambie mwenzako. Huyo ndiye mpimaji wako wa kwanza, aliyewekwa na Mungu asimame kando ya mizani. Na kama shida ni ya kweli, ziko hisa za vikoba na michango ya jumuiya, ambako mkopeshaji anakujua kwa jina, naye atakuona Jumapili.

Wa tatu ni yule anayepokea ujumbe ule wa aibu. Huyu ndiye mimi na wewe. Simu yalia, twafungua, twasoma kwamba fulani, jirani yetu wa jumuiya ndogo ndogo, ni mdaiwa sugu. Hapo ndipo dini yetu inapopimwa. Kanisa lafundisha kwamba kufichua kosa la mwenzako bila sababu ya haki ni dhambi, hata kama kosa hilo ni la kweli. Na likiwa la uongo, dhambi huzidi. Anayeusambaza ujumbe ule kwa watu kumi amemsaidia mnyonyaji bila malipo. Ulimi hauna mfupa, na kidole nacho kimejifunza kuwa ulimi. Basi fanya hivi: futa ujumbe, usimwonyeshe mtu, kisha nenda kwa jirani yako kimya kimya, umwulize kama amekula. Kama jumuiya yaweza, imsaidie alipe deni la haki, na imwonyeshe njia ya kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka. Ikiwa mtu mwenye deni aogopa kuja jumuiyani kwa sababu wote wameupokea ule ujumbe, sisi ndio tuliomfungia mlango.

Kuna na wengine wanaohitaji mpimaji wa kusimama kando yao, nao ni wazee wetu. Bibi apokea ujumbe kwamba fedha iliyosubiriwa itumwe kwa namba hii. Kwa unyofu wa moyo atuma akiba yake ya kuku na mtama kwa tapeli asiyemjua. Au hutaja namba yake ya siri kwa sauti mbele ya kibanda cha wakala. Vijana, mnaowacheka wazee kwa kutojua simu, ujuzi wenu mmepewa ili muwatumikie. Keti na bibi yako jioni moja, mweleze taratibu, mara tatu, mara nne, bila kufoka. Hilo ni tendo la huruma: kumfundisha asiyejua. Nanyi wazee, msione haya kuuliza.

Basi, wapenzi wazazi, tuyatie mambo haya katika maisha ya nyumba. Kabla ya kununua chombo, baba na mama wakae pamoja, waulize kinahitajika kwa kazi gani, na ni daftari ngapi za watoto zitakosekana kwa ajili yake. Wakati wa chakula na wakati wa Rozari, simu zote, kubwa na ndogo, za baba kwanza, ziwekwe mbali. Mtoto asikabidhiwe simu ili anyamaze, kisha tukalalamika kwamba haongei nasi. Na tunapozungumza juu ya vyombo vya watu, tuseme yenye manufaa: hiki chadumu, hiki hakidumu, hiki chafaa kwa kazi hii. Tusitamke neno la kumfanya ndugu ajione mdogo.

Maandiko yanatusimulia habari za mfalme Belshaza, aliyefanya karamu kwa vyombo vya dhahabu vilivyotwaliwa katika hekalu la Mungu. Usiku ule ule maandishi yalitokea ukutani, naye akaambiwa kwamba amepimwa katika mizani akaonekana amepungua. Vyombo vyake vilikuwa vya dhahabu, lakini havikumwongezea uzito wowote. Siku yetu nayo itafika. Hatutaulizwa kama simu yetu ilikuwa ya kupangusa au ya kubonyeza. Tutaulizwa kama tulimlisha mwenye njaa, kama tulimvika aliye uchi, na kama tulilisitiri jina la jirani yetu lilipokuwa mikononi mwetu.

Bikira Maria, aliyeyaweka maneno yote moyoni mwake na kuyatafakari, atuombee tujue la kusema na la kunyamazia. Mungu Mwenyezi awabariki ninyi nyote, na nyumba zenu, na kazi ya mikono yenu.